Panga Kivuli Kwanza, Vyumba Baadaye: Vidokezo vya Kutafuta Nyumba Lodwar na Kakuma

Mpangaji mashuhuri zaidi aliyewahi kukaa Lodwar hakulipa kodi, wala hakuulizwa anataka vyumba vingapi. Jomo Kenyatta aliletwa hapa mwaka 1959 kutoka Lokitaung, akawekwa kizuizini hadi 1961 alipohamishiwa Maralal. Wewe unayekuja leo kufundisha, kuuguza wagonjwa, kuuza vipuri au kufanya kazi na shirika kule Kakuma, una nafasi ya kuchagua. Na kama unakuja na watoto, pamoja na mama mkwe atakayekaa "wiki mbili tu", basi chagua vizuri.

Wanaotoka Kitale au Eldoret hufika na orodha yao: vigae sakafuni, jikoni ya ndani, madirisha makubwa ya vioo. Huku orodha hiyo ipindue juu chini. Anza na mti, fuata maji, halafu ndiyo uulize habari za vigae.

1. Ione nyumba saa nane mchana

Atakayekuonyesha nyumba atataka mwende asubuhi, na ana sababu. Saa moja asubuhi kila chumba cha Lodwar ni kizuri. Upepo wa kusini-mashariki umevuma usiku kucha, mabati yamepoa, hata choo hakinuki. Mwambie una shughuli, utakuja saa nane.

Saa nane ingia ndani, funga mlango, simama katikati ya chumba kwa dakika kumi bila kuzungumza. Tazama juu. Ukiona mabati matupu bila dari, tayari umejua utakachokuwa ukifanya kila alasiri: utakuwa nje. Kisha weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Lodwar iko digrii tatu hivi kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua halizunguki sana. Huchomoza upande mmoja, hupita utosini, na kuanzia saa tisa hukaa kwenye ukuta huo wa magharibi hadi lizame. Ukuta huo ukiwa ndio wa chumba cha watoto, watoto hawatalala kabla ya saa nne usiku, na wewe vivyo hivyo.

Nyumba nzuri ya huku ina paa la juu, dari, matundu chini ya paa ya kutolea hewa ya moto, na madirisha mawili yanayotazamana. Ikiwa na veranda pana, shika hapo hapo. Paa la makuti ya mkoma hupoa kuliko bati, ila hakikisha jikoni iko mbali nalo. Dirisha la kioo linalotazama upande wa upepo halikusaidii sana: ukilifungua mchanga unaingia kwenye ugali, ukilifunga unachemka. La mbao ni bora.

2. Uliza mti ni wa aina gani, na ni wa nani

Mwarobaini mmoja mkubwa uani una thamani kuliko feni tatu, na hautaki tokeni. Ndiyo maana umejaa mjini: haupukutishi majani yote wakati wa kiangazi, na mbuzi hauwapendezi. Chini yake utafua, utapika, utasuka nywele, utapokea wageni, na mtoto atafanyia hapo kazi ya shule. Ukilinganisha ploti mbili zenye kodi sawa, moja ina mti na nyingine ina vigae, usijisumbue kufikiri.

Mathenge nao ni mti, na kivuli chake ni kivuli. Lakini miiba yake hutoboa malapa, hutoboa gurudumu la bodaboda, na mtoto akiikanyaga pekupeku utaikumbuka siku hiyo. Miti hii ililetwa nchini kwa nia njema ya kuzuia jangwa, ikasambaa hadi watu wa Baringo wakaenda mahakamani Nairobi na mbuzi kibogoyo kuwa ushahidi wa kile maganda yake yanachofanya kwenye meno. Ukipata ploti yenye mathenge, mwombe mwenye nyumba aupogoe kabla hujahamia.

Halafu kuna suala la wenyewe. Karibu na mto Turkwel, mgeni huona msitu wa mikoma na ile migunga mikubwa ambayo Waturkana huiita ewoi, akadhani ni mali ya serikali au ya Mungu. Sivyo. Kwa desturi, sehemu za ukingo wa mto ni ekwar ya familia fulani, yenye haki ya malisho na maganda ya miti iliyopo. Ukikata tawi la kujengea banda la kuku, usishangae mzee akifika jioni, akaketi kwa utulivu, akaanza kukuuliza habari za nyumbani kwenu. Mwamkie vizuri na umsikilize. Mbuzi wake wanaishi kwa maganda hayo wakati wa kiangazi.

Uholanzi nyumba za kupanga huhesabiwa kwa pointi: ukubwa wa vyumba, nafasi ya nje, jinsi nyumba inavyohifadhi joto. Pointi hizo ndizo zinazoweka kikomo cha kodi, na tangu Julai 2024 sheria hiyo imefika hadi nyumba za bei ya kati. Wao hutoa pointi kwa kuzuia joto lisitoke. Tungekuwa na hesabu hiyo Lodwar, tungezitoa kwa kulifukuza, na mwarobaini ungepata nusu ya alama zote.

3. Usiulize kama kuna maji. Uliza yalikuja lini mara ya mwisho

Mazungumzo ya kawaida huenda hivi.

"Shikamoo mama. Maji yapo?"

"Marahaba mwanangu. Yapo."

"Hufika siku gani?"

"Huja."

"Wiki hii yamekuja?"

"Yatakuja."

Mama hajakudanganya hata kidogo. Kampuni ya maji ya mji, LOWASCO, husukuma maji kutoka visima vilivyochimbwa kando ya Turkwel, na mitaa huyapata kwa zamu. Mtaa mmoja una bahati kuliko mwingine, na ndani ya mtaa mmoja ploti ya bondeni huyapata kabla ya ile ya mlimani. Kwa hiyo mwache mwenye nyumba, nenda kwa mpangaji anayefua. Yeye anajua siku na saa, na atakuambia mtungi wa lita 20 hununuliwa bei gani maji yakikawia.

Kisha pandisha macho kwenye tangi. Je, ni la ploti nzima au la landilodi peke yake? Lina kufuli? Ufunguo anao nani, na huyo mtu hulala wapi? Tangi jeusi lisilo na kivuli hutoa maji ya kuchemshia chai mchana, kwa hiyo ukitaka kumwogesha mtoto saa tisa, jaza beseni asubuhi na ulifunike.

Kama maji ni ya kisima cha ploti au cha jirani, uliza kama yamepimwa. Baadhi ya visima vya Turkana vina floraidi nyingi, na watoto wanaokua wakiyanywa hupata madoa ya kahawia kwenye meno. Tazama meno ya watoto waliozaliwa mtaani hapo, kwa heshima.

4. Lagga kavu si uwanja wa mpira

Ploti za bei nafuu zenye mchanga mweupe na nafasi tele mara nyingi ziko kwenye lagga, yaani njia ya maji ya mvua. Lodwar ina Kawalase, Kakuma ina Tarach. Miezi mingi ni mchanga mtupu, mbuzi wanapita, vijana wanacheza. Mvua ikinyesha milimani, mbali usikokuona, maji hushuka ghafla huku kwako mbingu ikiwa safi kabisa.

Usitegemee maneno. Tembea kwenye vichaka vilivyo karibu na ploti, uangalie takataka zilizonasa kwenye miiba: majani makavu, matambara, vipande vya karatasi. Zikiwa kwenye kifundo cha mguu, fikiria. Zikiwa kiunoni, mshukuru mwenye nyumba, uende zako. Na uliza shule iko upande gani. Mtoto anayevuka lagga kwenda darasani atakosa masomo, au atajaribu kuvuka, na la pili ndilo la kuogopa.

5. Kagua ua kama unavyokagua chumba cha kulala

Kwa sababu ndicho chumba chenyewe. Miezi ya joto kali familia nyingi hulala nje, mkeka au kitanda cha kamba chini ya chandarua. Ua uwe na uzio mzima na lango linalofungwa usiku, na pawe na mahali pa kufungia chandarua; malaria ipo. Ploti yenye kichuguu nyuma ya choo ipite, maana usubi wanaoeneza kala-azar hupenda nyufa za vichuguu, na Turkana ni mojawapo ya kaunti zenye ugonjwa huo. Nge nao ni majirani wa kudumu: ziba nafasi iliyo chini ya mlango, na wafundishe watoto kukung'uta viatu kabla ya kuvaa.

6. Rudi usiku

Hasa Ijumaa. Baa haionekani saa nane mchana.

7. Stima: hesabu wanaotumia mita moja

Kwa miaka mingi umeme wa Lodwar umetoka kwenye mitambo ya dizeli iliyo hapa hapa mjini, mbali na gridi ya taifa. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei na sehemu za kambi ya Kakuma kuna gridi ndogo za sola za kampuni ya Renewvia. Popote utakapokaa, swali kubwa ni la mita. Ploti ya vyumba vinane yenye mita moja na jirani mmoja mwenye friji ya kuuza maji baridi ni ugomvi wa kila mwezi. Tafuta mita yako, au ununue paneli yako ndogo ya taa na simu uishi kwa amani.

8. Kakuma ina hesabu yake

Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na sasa, ukiihesabu pamoja na Kalobeyei, ina watu zaidi ya laki mbili. Mji na kambi vimegusana kiasi kwamba mgeni hajui alipotoka kimoja akaingia kingine. Mwenye nyumba anajua. Nyumba za kupanga ni za upande wa mji. Ukiambiwa kuna chumba kizuri cha bei rahisi ndani ya kambi, jiulize nani ana haki ya kukipangisha, kwa kuwa mkimbizi amepewa mahali pa kuishi, hakupewa ardhi. Wewe na yeye mnaweza kupata matatizo pamoja.

Kodi ya Kakuma hupanda na kushuka na mikataba ya mashirika. Mwaka 2025, misaada ya Marekani ilipokatwa, wafanyakazi wengi walifunga virago. Ukikuta ploti yenye milango mitatu iliyofungwa kwa kufuli zilizoshika vumbi, bei inazungumzika. Usione haya. Lodwar nako kodi ilikuwa imepanda na mambo kama hayo: mafuta yalipogunduliwa upande wa Lokichar mwaka 2012, kisha kaunti ikaanza kuajiri mwaka 2013.

Wengi huacha familia Lodwar, wakafanya kazi Kakuma, wakarudi Ijumaa. Ni kilomita 120 hivi. Wana hoja: Lodwar ina hospitali ya rufaa, shule zaidi na soko kubwa. Mimi bado ningeiweka familia pale ambapo mzazi analala kila usiku, hata kama ni chumba kidogo. Wikendi ya mtu aliyetoka safarini huishia usingizini.

9. Karatasi, hata kama landilodi ni rafiki wa kanisani

Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ya jamii, na pale ambapo haijasajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaiweka chini ya kaunti kama mdhamini. Ploti nyingi hazina hati miliki. Hilo halikuhusu sana kama mpangaji, mpaka siku ndugu wawili watakapokuja kudai kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo waulize majirani na chifu ploti ni ya nani, andikeni mkataba, na ulipe kwa M-Pesa kwenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Dipoziti iandikwe, pamoja na itakaporudi.

Kama kodi yako haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba vya mabati vya bei hiyo havijaisha, Sheria ya Udhibiti wa Kodi inakulinda: hakuna kukutoa bila amri ya baraza la kodi. Kwa kodi yoyote ile, mwenye nyumba hana ruhusa ya kujibebea kochi lako ukichelewa. Kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni. Na ile asilimia 7.5 inayotozwa mapato ya nyumba za kuishi tangu Januari 2024 ni mzigo wake, si nyongeza kwenye kodi yako.

10. Kama hakuna mti, panda

Mwarobaini hukua haraka, na kama utakaa miaka mitatu utaketi chini yake. Mwulize mwenye ploti kwanza, mkubaliane kwa maandishi kwamba hautakatwa kupisha chumba kingine cha kupangisha. Uupande upande wa magharibi, hatua chache kutoka ukutani, ili ukikua uufunike ukuta ule uliouweka kiganja. Maji ya kuoshea vyombo yanatosha, ndoo moja kila jioni jua likishazama. Zungushia matawi ya miiba siku hiyo hiyo. Mbuzi hula hata wasichokipenda kikiwa bado kichanga, na wa Lodwar hupita kila ua kabla ya saa moja asubuhi.