Kiti cha Magurudumu Gerezani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maafande, Kifungu cha 51 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote, ila zile zisizopatana na kufungwa kwenyewe. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kupata vifaa vyake. Hapakuandikwa "isipokuwa gerezani".

USIMNYANG'ANYE kiti langoni. Kipekue, kisha mrudishie hapo hapo. Kumwondolea kiti kama adhabu ni marufuku, hata kama amekutukana.

USIITE vifaa vyake anasa. Mwaka 1995, huko Lincoln, Uingereza, mwanamke mwenye ulemavu wa mikono na miguu yote alifungwa kwa kuidharau mahakama katika kesi ya deni. Alikatazwa kubeba chaja ya betri ya kiti chake, eti anasa. Usiku wa kwanza alilala kitini katika selo yenye baridi, maana kitanda kilimuumiza, na kengele ya dharura hakuifikia. Mwaka 2001 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikiri kwamba hakuna ushahidi kuwa yeyote alikusudia kumdhalilisha, na bado ikaitia Uingereza hatiani. Basi "sikukusudia" usije nayo.

PIMA mlango, selo na choo kabla ya kumpangia mahali. Mfungwa wa Georgia, Marekani, alilalamika kwamba alifungiwa saa 23 hadi 24 kwa siku katika selo ya futi 12 kwa 3, kiti hakigeuki. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba jimbo linaweza kudaiwa fidia pale katiba inapovunjwa.

MHESABU akiwa kitini. Kumwamuru achuchumae ni ukatili, tena wa kipuuzi.

USIMWACHE kwa mfungwa mwenzake anayedai sigara ndipo amfikishe chooni.

MPE mto wa kukalia na daktari. Kidonda cha makalio huanza kama wekundu tu, kisha huchimba hadi mfupa.

Na ninyi jamaa zake: ANDIKENI malalamiko, yawe na tarehe, mbaki na nakala. Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015 zinamruhusu mfungwa kulalamika kila siku bila kulipiziwa kisasi. MSIHONGE mtu ili apewe kilicho chake. Mkuu wa gereza akinyamaza, pelekeni nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na wakili wa mfungwa ayataje malalamiko hayo mbele ya hakimu.