Koroboi, Mkaa na Mtungi wa Gesi: Jinsi Bei na Sera Zinavyobadili Nishati ya Kaya

Bajeti ya Serikali ya mwaka 2011/2012 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Waliolengwa ni wachakachuaji, waliokuwa wakichanganya mafuta hayo na dizeli kwa kuwa ushuru wake ulikuwa mdogo. Aliyeumia, hata hivyo, ni mwenye koroboi. Lakini vijiji havikubaki gizani: madukani kulikuwa na tochi za betri na taa ndogo za jua, na mtu aliweza kununua betri mbili kwa fedha aliyokuwa nayo siku hiyo.

Jikoni mambo ni magumu zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), mitungi ya gesi ya kilo 6 imeuzwa kwa ruzuku ya asilimia 50. Ruzuku hiyo inahusu ununuzi wa mtungi. Kuujaza tena ni kwa bei ya soko. Hapo ndipo penye kikwazo. Mkaa hununuliwa kopo moja leo, jingine kesho, ilhali gesi hudai fedha yote kwa mara moja. Mkulima wa Masasi au Newala hupata fedha korosho zinapouzwa mnadani, mwishoni mwa mwaka. Mtungi ukiisha mwezi Machi, kaya hurejea kwenye mafiga, na kuni za kuokota huonekana za bure kwa sababu saa za mama aliyezifuata porini hazihesabiwi.

Wananchi huuliza, na ni swali la haki: gesi si ya Mtwara yetu? Gesi asilia ya Mnazi Bay husafirishwa kwa bomba na kwa sehemu kubwa huzalisha umeme. Gesi ya mitungini ni nyingine; huagizwa kutoka nje kwa meli, hivyo bei yake hufuata soko la dunia na thamani ya dola.

Kaya yenye mtungi inashauriwa kutenga fedha ya kujaza mara malipo ya korosho yanapoingia. Dukani, mtungi upimwe kwenye mizani mbele ya mnunuzi: uzito wa mtungi mtupu, ulioandikwa kwenye mtungi wenyewe, ukijumlishwa na kilo 6 za gesi.