Mwongozo kwa Barista wa Nyeri: Jina la Kazi na Wajibu Wake

Mwongozo huu umeandikwa kwa wanaotengeneza na kuuza kahawa katika mikahawa ya Nyeri, Karatina na Othaya, pamoja na waajiri wao. Unaanza na jina la kazi kwa sababu jina hilo ndilo linaloandikwa kwenye barua ya ajira, na wengi hulipokea bila kuelezwa linabeba majukumu gani.

Barista ni neno la Kiitaliano. Limeundwa kwa “bar”, ambalo Waitaliano walilichukua kutoka Kiingereza kwa maana ya kaunta ya vinywaji, na kiishio “-ista” kinachomtaja mtu kwa kazi yake. Kwa asili, basi, barista ni mtu wa kaunta. Kahawa haimo ndani ya neno lenyewe. Huko Italia barista humimina divai na maji ya matunda sawa na anavyotoa espreso. Neno lilishika katika miaka ya 1930, utawala wa Kifashisti ulipokuwa ukiyaondoa maneno ya kigeni, likachukua nafasi ya “barman”. Mikahawa ya espreso ilipoenea Marekani katika miaka ya 1980 na 1990, maana ilibanwa ikawa mtaalamu wa kahawa peke yake. Zile bar 9 unazosoma kwenye geji ya mashine ni kipimo cha shinikizo, chenye asili ya Kigiriki, wala hazina undugu na jina lako.

Katika Kiswahili tumia barista kwa mmoja na mabarista kwa wengi, awe mwanamume au mwanamke. Pwani ilikuwa na muuza kahawa zamani kabla ya mashine hizi: alitembea na dele la shaba lenye makaa chini yake, akigonganisha vikombe vidogo ili asikike, na watu wa baraza wakamfahamu kwa jina. Yeye pia alikuwa mtu wa kuhudumia watu kwanza, na hilo lisisahaulike unapojifunza kuchora ua juu ya povu la maziwa.

Barista wa Nyeri ana wajibu ambao mwenzake wa Roma hana: kahawa anayoiuza inakua karibu na kaunta yake. Ifahamu. Muulize mwajiri kahawa imetoka chama gani cha ushirika na kiwanda gani, na ilivunwa msimu gani. Aina za mibuni za SL28 na SL34 zilichaguliwa na Scott Laboratories katika miaka ya 1930, nazo ndizo zilizoijengea kahawa ya Kenya sifa ya uchachu unaong’aa. Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, zote zikilenga kustahimili magonjwa. Usimwambie mteja kwamba AA ni kahawa tamu kuliko zote. AA hutaja ukubwa wa punje, na PB ni ile punje moja ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda. Utamu huamuliwa kwa kuonja.

Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya birika huchemka yakifika karibu nyuzi 94. Vitabu vingi huagiza maji yapoe kidogo kabla ya kumimina juu ya chujio. Hapa mimina mara tu yanapochemka, la sivyo kahawa itatoka chachu na nyepesi. Maziwa ya kapuchino yasipite nyuzi 65.

Mkulima aliyepeleka buni kiwandani asubuhi anaweza kuingia kwako mchana na kuagiza chai ya maziwa. Mpe chai yake kwa heshima. Akiuliza espreso ni nini, mwambie, “Mzee, ni kahawa nzito, kidogo, bila maziwa,” kisha umweleze bei kabla hajaagiza. Ana haki ya kuelewa kinachouzwa kutokana na jasho lake, na hakuna sababu ya kumfanya ajihisi mgeni mbele ya zao lake mwenyewe.

Kuhusu ajira yenyewe, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na kazi yako ielezwe humo. Soma maelezo hayo kabla ya kutia sahihi. Ikiwa pia utapokea pesa au kuosha vyombo, yaandikwe. Hakikisha cheti chako cha afya cha kushughulikia chakula hakijaisha muda. Siku utakapoondoka, kifungu cha 51 kinakupa haki ya cheti cha utumishi kinachotaja aina ya kazi uliyoifanya. Usikubali kiandikwe “kibarua” ikiwa ulisimama kwenye mashine ya espreso muda wote. Omba kisahihishwe kabla ya kutoka, kwa sababu mwajiri anayefuata atakisoma.