SOMO LA ROBO HII: KOMPYUTA INAPOGANDA OVYO, TUTAFUTE KIINI KABLA YA KUNUNUA KIPURI



Katika somo la robo hii tunazungumzia tatizo ambalo kamati nyingi za sharika zimekutana nalo: kompyuta ya mezani inayoganda ovyo, bila taarifa na bila mpangilio. Tunalileta kwa sababu mbili. Kwanza, hesabu za miradi yetu zinatunzwa ndani ya mashine hizi, na mashine isiyoaminika huchelewesha taarifa kwa wafadhili. Pili, sisi wenyewe katika ofisi ya miradi tulilishughulikia vibaya tatizo hili mwaka 2023. Tulitumia fedha mahali ambapo hazikuhitajika na tukamtuhumu mtu asiye na kosa. Ni afadhali mjifunze kwa makosa yetu kuliko kuyarudia.

YALIYOTUPATA

Kompyuta yetu haikununuliwa dukani ikiwa kamili. Mwaka 2018 kijana mmoja wa usharika, mwenye ujuzi wa ufundi, aliiunganisha nyumbani kwao kwa vipuri tulivyonunua kimoja kimoja: kasha, bodi kuu ambayo mafundi huiita mazabodi, prosesa, ramu, diski, na pawasaplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Hakudai malipo. Ilifanya kazi zaidi ya miaka minne bila shida.

Mapema mwaka 2023 ikaanza kuganda. Kioo kinabaki vilevile, kipanya hakisogei, kibodi haijibu, na hakuna njia ila kubonyeza kitufe cha kuzimia kwa muda mrefu hadi izime. Siku nyingine iliganda mara 3, siku nyingine haikuganda kabisa. Mara moja iliganda mhasibu akimalizia taarifa ya robo mwaka. Kazi ya asubuhi nzima ikapotea, na taarifa ikachelewa wiki mbili.

Tulifanya nini? Mtu wa kwanza alisema ni virusi, tukafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Ikaganda. Wa pili alisema ni diski, tukanunua diski mpya kwa shilingi 140,000. Ikaganda. Katika kikao cha kamati mjumbe mmoja akasema kompyuta ya kuunganishwa nyumbani haiwezi kuwa imara, na huenda kijana alituwekea vipuri vilivyokwisha kutumika. Hakuna aliyemtetea. Maneno yale yakamfikia, naye akaacha kuja ofisini.

Ilibaki sahihi moja tu kwenye hati ya malipo ili tununue mazabodi mpya. Mtunza hazina wetu, mama ambaye si fundi, akakataa kusaini. Aliuliza: “Ni kitu gani kimethibitisha kwamba mazabodi ndiyo mbovu?” Hatukuwa na jibu. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio somo letu.

KWA NINI TATIZO HILI NI GUMU

Kuganda ni dalili moja yenye visababishi vingi, kama homa. Anayepewa dawa ya malaria kwa kila homa bila kupimwa, siku moja atapona kwa bahati na siku nyingine ataumia. Ramu mbovu, joto, umeme usiotosha, diski inayokufa na programu yenye kasoro vyote vinaweza kugandisha kompyuta kwa namna inayofanana. Kwa hiyo kukisia hakusaidii. Inatubidi tupime.

HATUA TANO ZA KUTAFUTA KIINI

1. Okoa kazi kwanza. Kabla ya kugusa chochote, nakilini hesabu, orodha na barua zote kwenye diski ya nje au flashi, na mhakikishe kwamba nakala hiyo inafunguka kwenye kompyuta nyingine. Mashine inayoganda leo inaweza isiwake kesho.

2. Fungueni daftari. Kila inapoganda, andikeni tarehe, saa, programu zilizokuwa wazi, muda tangu ilipowashwa, hali ya joto na hali ya umeme. Sisi tuliandika kwa wiki mbili. Iliganda mara 11, na mara 9 kati ya hizo faili kubwa la hesabu na intaneti vilikuwa wazi kwa pamoja. Iliganda asubuhi kwenye ubaridi kama ilivyoganda mchana. Umeme haukuwa umekatika hata mara moja. Daftari la shule lilitueleza zaidi ya maoni yote ya kikao.

3. Pambanueni aina ya kuganda. Kompyuta ikikwama, bonyezeni kitufe cha Caps Lock. Kama taa yake inawaka na kuzima, moyo wa mashine bado unafanya kazi, na yafaa kuanza kushuku programu au diski. Kama taa haibadiliki kabisa, mara nyingi mashine nzima imesimama, na hapo shuku ramu, joto, umeme au programu zinazoendesha vifaa, kwa mfano ile ya kadi ya picha. Kipimo hiki si cha mwisho, lakini hakina gharama. Windows nayo hutunza orodha ya matukio. Mkiona humo tukio namba 41 lenye jina Kernel-Power, msidhani limetaja ugonjwa. Linasema tu kwamba kompyuta iliwaka upya bila kuzimwa ipasavyo.

4. Ulizeni: ni nini kilibadilika? Mashine iliyofanya kazi vizuri kwa miaka haigandi bila sababu. Kuna kifaa kilichoongezwa? Programu mpya? Imehamishwa chumba? Tulipouliza swali hili kwa watumishi wote, mmoja alikumbuka kwamba Januari 2023 tulipewa vipuri vya zamani na ofisi iliyokuwa ikibadilisha kompyuta zake, na kwamba sisi wenyewe tulichomeka ramu ya pili ili mashine iongeze kasi. Hakuna aliyeandika popote.

5. Jaribuni kitu kimoja kwa wakati mmoja, mkianza na kisicho na gharama. Mkibadilisha vitu vitatu kwa siku moja na tatizo likaisha, hamtajua ni kipi kilichotibu. Mkibadilisha kimoja, subirini muda unaozidi ule ambao kompyuta ilikuwa ikikaa bila kuganda, ndipo mseme imepona.

TULIVYOIPATA RAMU MBOVU

Daftari na jibu la swali la nne vilielekeza kwenye ramu, tukaipima. Tulitumia Memtest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye flashi. Kompyuta huwashwa kupitia flashi hiyo bila kufungua Windows, nayo programu huandika tarakimu kwenye kila sehemu ya ramu na kuzisoma tena ili kuona kama zimebaki zilezile. Ramu nzima haitoi kosa hata moja. Yetu ilianza kuonyesha mistari myekundu kabla ya dakika 40.

Bado hatukuwa na hakika kama ubovu uko kwenye ramu au kwenye tundu la mazabodi. Tulizima kompyuta, tukachomoa waya wa umeme, tukagusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiunguze vipuri, kisha tukatoa ramu zote mbili. Ramu ya mwaka 2018, ikiwa peke yake, ilipimwa usiku kucha bila kosa, na usiku uliofuata ikapimwa katika tundu la pili bila kosa. Ile tuliyoongeza ilitoa makosa katika matundu yote mawili. Shaka ikaisha: mazabodi ilikuwa nzima, na kijana wetu alikuwa ameunganisha kompyuta imara.

Kwa nini iliganda siku nyingine na siku nyingine isigande? Ramu ni kama meza ya mhasibu, mahali pa kutandaza karatasi anazozifanyia kazi. Tuseme pembe moja ya meza ina maji. Akiwa na karatasi chache, pembe ile haiguswi. Akitandaza nyingi, moja itaangukia kwenye maji na maandishi yatafutika. Ndani ya kompyuta, sehemu iliyoharibika ikibeba amri ya kuendesha mashine, mashine hukwama. Ikibeba tarakimu, tarakimu inaweza kubadilika kimyakimya, na hili ni baya zaidi. Kwa sababu hiyo tulilinganisha hesabu za miezi yote ya tatizo na stakabadhi za karatasi. Tunashukuru zilikuwa sawa, lakini tulipaswa kuhakikisha.

Tulifanya kazi na ramu moja kwa miezi mitatu, daftari likiwa wazi. Haikuganda hata mara moja. Ndipo tukanunua ramu ya pili ya aina na kasi ileile, tukaipima usiku mzima kabla ya kuitumia.

KAMA KWENU SI RAMU

Joto. Vumbi likiziba feni, au dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza chake ikikauka, prosesa hupata joto kupita kiasi. Prosesa nyingi za sasa hupunguza kasi zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likizidi, kompyuta hujizima. Dalili: inasumbua baada ya kutumika kwa muda au wakati wa kazi nzito. Safisheni vumbi kwanza.

Umeme. Pawasaplai dhaifu hushindwa mzigo unapoongezeka ghafla. Waya wa volti 12 unatakiwa kusoma kati ya volti 11.4 na 12.6 kompyuta ikiwa inafanya kazi. Fundi mwenye multimita anaweza kupima. Msifungue pawasaplai yenyewe, kwa kuwa kapasita zake hutunza umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Kapasita za mazabodi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mazabodi nyingi duniani ziliharibika kwa sababu ya kapasita zilizotengenezwa vibaya. Mkipokea msaada wa kompyuta za zamani, fungueni kasha mtazame: kapasita iliyovimba kichwani au inayovuja haifai.

Diski. Kompyuta inayokwama kwa sekunde kadhaa kisha ikaendelea, hasa wakati wa kufungua mafaili, huenda diski yake inachoka. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo husoma hali ya afya ambayo diski yenyewe huitunza.

Mipangilio ya bayosi. Anayeunganisha kompyuta mwenyewe wakati mwingine hupandisha kasi ya ramu au ya prosesa. Rudisheni mipangilio ya kawaida kabla ya kulaumu kipuri.

Kasoro ya kiwandani. Haitokei mara nyingi, lakini ipo. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipata volti kubwa kupita kiasi na kukosa utulivu. Ilitoa marekebisho ya bayosi na kuongeza dhamana kwa miaka 2, ingawa marekebisho hayo hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika.

DENI LILILOBAKI

Diski tuliyonunua bila sababu tuliiingiza kwenye taarifa ya fedha kama ilivyokuwa, pamoja na maelezo. Hatukuificha, na wafadhili walitujibu kwa upole. Deni la pili lilikuwa zito zaidi. Mwenyekiti na mtunza hazina walikwenda nyumbani kwa yule kijana, na katika kikao kilichofuata, mbele ya wajumbe walewale, tulimwambia, “Kijana wetu, tulikukosea.” Akajibu, “Wazee wangu, mngeniita mapema ningewasaidia kutafuta.” Tangu siku hiyo yeye ndiye anayetufundisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Je, kompyuta yetu ina daftari lake linaloonyesha kila kipuri kilichoongezwa, tarehe na aliyekiweka?

2. Kabla ya kuidhinisha ununuzi wa kipuri, tunadai kipimo gani kinachothibitisha kwamba cha zamani ni kibovu?

3. Vipuri tunavyopewa kama msaada hupimwa na nani kabla ya kuchomekwa?

4. Nakala ya mwisho ya hesabu zetu ilichukuliwa lini, na nani alihakikisha inafunguka?

5. Je, kuna mtu tuliyemlaumu kabla ya kupima?

Ndugu zetu, mafundi husema ramu ndiyo kumbukumbu ya kompyuta. Ya kwetu ilikuwa mbovu, lakini iliyotugharimu zaidi ni kumbukumbu ya ofisi ambayo haikuandikwa. Daftari la kurasa 40 ni nafuu kuliko kipuri chochote tulichokitaja hapa. Tunawaomba kila kamati inunue moja wiki hii na kulifunga kwa kamba kwenye meza ya kompyuta.