Elimu ya Afya: Upasuaji wa Glakoma kwa Watoto Wachanga

Glakoma ni ugonjwa ambao mara nyingi hutokana na kupanda kwa shinikizo la maji ndani ya jicho. Kwa mtoto anayezaliwa nao, njia ya kutolea maji hayo haikukamilika kuumbika tumboni mwa mama. Maji yakikosa pa kutokea, jicho, ambalo bado ni laini, hutanuka, na mshipa wa fahamu wa kuonea huharibika.

Dalili kuu ni machozi kutiririka bila mtoto kulia, kukimbia mwanga, na kioo cha jicho kuwa na ukungu. Macho makubwa kupita kiasi yasisifiwe kuwa ni urembo kabla ya kupimwa.

Kwa watoto hawa, matone ya dawa hupunguza shinikizo kwa muda tu. Tiba kuu ni upasuaji. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, kisha daktari bingwa hufungua njia iliyoziba. Kioo cha jicho kikiwa angavu, huweza kupitia ndani ya jicho. Kikiwa na ukungu, hupitia nje. Baadhi ya watoto hupasuliwa zaidi ya mara moja.

Upasuaji huokoa uoni uliobaki. Uliokwisha kupotea kwa mshipa kuharibika haurudi. Mzazi aonapo dalili, asimtie mtoto dawa ya kienyeji wala maziwa jichoni, bali amfikishe mapema zahanati au kituo cha afya ili apewe rufaa kwa daktari bingwa wa macho. Baada ya upasuaji, kliniki ni ya maisha yote, hata kama mtoto anaona vizuri.