Muwati na Kijani cha Bwawani

Masika yanapokaribia vilima vya Kisii na Nyamira, wakulima huniuliza habari za kupanda muwati. Na baadhi yao, waliochimba mabwawa ya samaki tangu Serikali ya Kenya ilipoanza mpango wake wa ufugaji wa samaki mwaka 2009, huwa wamekwisha kuchagua mahali, napo ni ukingoni mwa bwawa lenyewe. Hao nawasihi wangoje.

Mti huu, asili yake Australia, ulithaminiwa zamani kwa magome yenye tanini ya kutengenezea ngozi. Lakini una jamaa wa mbali ndani ya maji yale. Kijani cha bwawani, ambacho wengi hukidhania uchafu, aghalabu ni umati wa viumbe vya seli moja, klorela mathalani, vidogo hata jicho halioni kimoja peke yake, navyo hufanya kazi ileile ya jani la muwati: kutwaa nuru ya jua, maji na hewa ya kaboni, na kuvigeuza kuwa chakula. Waama, vijichembe vya kijani vilivyomo ndani ya jani lenyewe ni uzao wa viumbe vya seli moja vilivyomezwa na seli nyingine, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, visimeng'enywe.

Ila muwati huweka akiba: miaka minane hadi kumi ndipo upate kuni na magome ya maana, na ukiukata, kisiki hakichipui vizuri kama cha mkaratusi. Klorela haina shina la kuwekea kitu. Hujigawa kwa muda wa siku moja hivi, ikaliwa na perege. Basi ukiupanda muwati ukingoni, kivuli chake huinyima klorela jua, mizizi hutoboa kingo, na majani yaangukayo huyapa maji rangi ya chai ya rangi. Uweke mbali, umbali usipungue kimo cha mti mzima.

Kabla ya kutafuta vifaranga vya samaki kwenye kituo cha samaki cha Kegati, Kisii, zamisha mkono bwawani hadi kiwikoni: kiganja kikionekana bado, ongeza samadi, kikitoweka mapema mno, acha samadi, maana usiku kijani hicho nacho huvuta oksijeni, na alfajiri utawakuta samaki wakitweta juu ya maji.

Mbegu za muwati zina ganda gumu: zimwagie maji yaliyochemka, ziache zipoe hadi asubuhi, kisha uzisie kitaluni.