Somo Letu: Jinsi ya Kufumbua Fumbo la Maneno Lenye Mada



Katika magazeti mengi ya kila siku kuna kona yenye miraba myeupe na myeusi. Wengine huiita chemsha bongo, wengine huiita fumbo la maneno. Msomaji hupewa vidokezo, naye hujaza herufi moja katika kila mraba mweupe mpaka maneno yatokee, mengine yakienda kulia na mengine yakishuka chini. Mchezo huu ulianzia Marekani. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool huko Uingereza, alitunga fumbo la kwanza la namna hii, likachapwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913.

Wengi wetu huuruka ukurasa huo. Tunasema ni mambo ya walimu na makarani. Lakini anayechuma kahawa juu ya Kisinga, anayepakia magunia Bwera, na anayefanya kazi kwenye tanuri la saruji kule Hima, wote wana maneno mengi vichwani. Wanachokosa ni njia ya kuyapanga. Somo la leo ni kuhusu njia hiyo.

MADA NI NINI?

Fumbo lenye mada ni lile ambalo maneno yake yote yanahusu jambo moja. Mada huandikwa juu ya fumbo. Msomaji mwenye haraka hukimbilia kidokezo cha kwanza bila kusoma kichwa, na hilo ni kosa. Kidokezo kikisema "hukua shambani" na mada ni Wadudu, hutafuti mhindi, unatafuta kiwavi. Mada hupunguza maneno ya kufikiriwa kutoka elfu moja hadi ishirini.

Mada yetu leo ni: JASHO LA KASESE. Maneno manne kati ya haya kumi ni vitu vinavyotoka au vilivyotoka katika wilaya yetu kwa mikono ya wafanyakazi. Sita yaliyobaki ni mambo ambayo kila mfanyakazi anapaswa kuyajua. Chukua penseli, wala si kalamu ya wino, uchore miraba hii katika daftari lako:

1 □ □ □ 2 □ ■
□ ■ ■ ■ □ ■ ■
□ ■ ■ ■ □ ■ ■
□ ■ 3 ■ □ ■ ■
4 □ □ □ □ ■ ■
■ ■ □ ■ ■ ■ 5
■ 6 □ □ 7 □ □
■ ■ □ ■ □ ■ □
■ 8 □ □ □ □ □
■ ■ ■ ■ □ ■ ■
9 □ □ □ □ ■ ■

Mraba wenye namba nao hujazwa herufi. Namba inaonyesha tu mahali neno linapoanzia.

Kwenda kulia
1. Unga wa kijivu kutoka Hima. Ukikutana na maji na mchanga hugeuka jiwe. (6)
4. Kazi ya kulipwa kwa makubaliano. (5)
6. Huchumwa ikiwa nyekundu, hunywewa ikiwa nyeusi. (6)
8. Mapumziko ambayo mshahara wake haukatwi. (6)
9. Nyeupe ya bondeni. Hutenganishwa na mbegu kabla ya kuwa uzi. (5)

Kwenda chini
1. Madini yaliyochimbwa Kilembe. (5)
2. Hesabu zote zikiwekwa pamoja. (5)
3. Hupima uzito, haina ndugu wala rafiki. (6)
5. Fedha anayoingiza mtu kwa kazi yake. (4)
7. Huwekwa leo kwa ajili ya kesho. (5)

Jaribu mwenyewe kwa dakika kumi kabla ya kuendelea kusoma.

HATUA YA KWANZA: ANZA NA UNALOLIJUA

Hakuna sheria kwamba lazima uanze na namba 1. Anza na neno ambalo huna shaka nalo. Kwa mtu wa Kisinga, namba 6 kulia haina mjadala: ni KAHAWA. Hesabu miraba: sita. Andika. Namba 9 ni PAMBA, ile inayolimwa bondeni. Namba 1 chini ni SHABA. Kijana aliyezaliwa juzi huenda asiijue, lakini wazee wanakumbuka kwamba shaba ya Kilembe ndiyo iliyoleta reli Kasese mwaka 1956, na kwamba uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hiyo ni sababu moja ya kufumbua fumbo pamoja, mzee na kijana.

Angalia vizuri: katika SHABA, S ina mraba wake na H ina mraba wake. Vivyo hivyo kwa CH, NY na NG. Sauti ni moja lakini herufi ni mbili.

HATUA YA PILI: TUMIA DESTURI ZA KISWAHILI

Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, yaani A, E, I, O au U. Basi katika mraba wa mwisho wa kila neno weka alama ndogo ya kukukumbusha. Tena, Kiswahili hupenda konsonanti ifuatwe na irabu. Ukiwa na K, mraba unaofuata mara nyingi ni irabu.

Sarufi nayo ni kidokezo cha pili kilichofichwa ndani ya kidokezo cha kwanza. Tazama namba 3 chini: "Hupima uzito, haina ndugu wala rafiki." Mtu anaweza kusema KIPIMO, na kweli kina herufi sita. Lakini kama jibu lingekuwa kipimo, kidokezo kingesema "hakina". Kimesema "haina". Kwa hiyo tunatafuta neno la "hii", kama MIZANI. Sisi ambao lugha yetu ya nyumbani ni Lhukonzo, na Kiswahili chetu kikubwa ni cha soko la Mpondwe, mara nyingi hatujali tofauti ya "haina" na "hakina". Sokoni tunaelewana. Katika fumbo, na katika karatasi ya mkataba, tofauti ndogo kama hiyo hubadili jibu.

HATUA YA TATU: NJIA PANDA

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mraba ambamo maneno mawili hukutana tuuite njia panda. Fumbo letu lina njia panda 12. Herufi iliyo kwenye njia panda ni shahidi wa maneno mawili kwa pamoja, na shahidi huyo hawezi kusema mambo mawili.

Tufanye mfano. SHABA imetupa S ya kuanzia namba 1 kulia. Unga wa kijivu kutoka Hima, herufi sita, unaanza na S. Wengi wetu tutaandika mara moja SIMITI. Hesabu: S-I-M-I-T-I, sita kamili. Neno linatosha, maana yake ni ile ile, na herufi ya kwanza imekubali. Nani atakuwa na shaka?

Sasa nenda namba 4. SHABA imetupa A ya kuanzia. Kazi ya kulipwa ni AJIRA. Mwisho wa AJIRA ni A, na hiyo ni herufi ya mwisho ya namba 2 chini. Hesabu zote zikiwekwa pamoja, herufi tano, mwisho A: ni JUMLA. Lakini JUMLA inaanza na J, na SIMITI imeweka T katika mraba huo huo. Mashahidi wamegongana.

Usifute ovyo. Uliza: ni neno lipi lenye ushahidi mwingi zaidi? JUMLA ina A iliyotoka kwenye AJIRA, na maana yake inalingana na kidokezo. SIMITI ina S peke yake. Je, kuna jina jingine la simiti lenye herufi sita, la kwanza S na la tano J? Lipo: SARUJI. Futa SIMITI, andika SARUJI, na mashahidi wote wanakubaliana. Sasa unaona kwa nini tulisema penseli.

Kumbuka jambo hili: NENO KUTOSHA KATIKA MIRABA SI KUWA SAHIHI. Linakuwa sahihi pale linapokubaliana na majirani zake.

Yaliyobaki ni mepesi. Namba 3, MIZANI, inapata I kutoka AJIRA na A kutoka KAHAWA. Aliyekuwa ameandika KIPIMO ataona I yake ikigongana na A ya KAHAWA. Namba 7 inaanza na A na kuishia na A: AKIBA. Namba 5 ina A katikati: PATO. Na namba 8 inajijaza karibu yenyewe, kwani imekwisha kupata I, I na O: LIKIZO.

FUMBO LA MWISHO WA MWEZI

Kuna fumbo jingine ambalo kila mfanyakazi huletewa mwisho wa mwezi: karatasi ya mshahara. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa maelezo ya malipo yake kwa maandishi, kwa lugha ambayo anaweza kuielewa. Lakini wengi huangalia namba moja tu, ile ya chini kabisa. Wanaona inatosha, wanatia sahihi au dole gumba. Huko ni kuandika SIMITI bila kuangalia njia panda.

Tuchukue mfano wa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi, na tuseme hakuna makato mengine ila ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5, yaani shilingi 10,000. Mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, yaani shilingi 20,000. Mkononi utapokea 190,000, na katika akiba yako ziingie 30,000. Hizo ni namba mbili zinazokutana. Karatasi ya mshahara ikionyesha umekatwa 10,000, lakini taarifa ya NSSF inaonyesha ziliingia 10,000 tu, basi sehemu ya mwajiri haipo. Kila karatasi ikiwa peke yake inaonekana safi. Ukiziweka pamoja ndipo pengo linaonekana.

Anayelipwa kwa kilo naye ana njia panda yake. Andika katika daftari kile mizani ilichosema kila siku. Tuseme Jumatatu 42, Jumanne 38, Jumatano 45, Alhamisi 40, Ijumaa 35. Jumla ni kilo 200. Ofisi ikiandika 190, una siku tano za kuonyesha. Bila daftari una maneno matupu.

Na likizo: sheria hiyo hiyo inatoa siku 7 zenye malipo kamili kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, maana yake siku 21 kwa mwaka. Hesabu miezi yako, kisha linganisha na siku ulizopewa.

Hatusemi kwamba kila namba iliyokosewa ni wizi. Karani naye huchoka. Pengine kosa liko katika daftari lako mwenyewe. Fanya kama tulivyofanya kwa SIMITI: usifute ovyo na usigombane ovyo. Uliza ni upande upi wenye ushahidi mwingi zaidi, kisha upeleke ushahidi huo kwa mwakilishi wa wafanyakazi wa tawi lako.

KUFUMBUA PAMOJA

Fumbo hili halihitaji kila mtu ajue kusoma. Wakati wa mapumziko, mmoja asome vidokezo kwa sauti na mwingine ashike penseli. Wengine watafute maneno. Mama asiyejua herufi anaweza kuwa wa kwanza kutaja mizani, kwa kuwa husimama mbele yake kila jioni. Akilipata kwa Lhukonzo kwanza, mwenzake amsaidie kulitafuta kwa Kiswahili. Kisha mwonyesheni jinsi neno lake linavyoandikwa. Mtu hujifunza haraka herufi za neno alilolitaja mwenyewe.

MAZOEZI

1. Mshahara ni shilingi 150,000. Mfanyakazi anakatwa kiasi gani kwa NSSF? Mwajiri anaongeza kiasi gani? Jumla ya akiba ni ngapi?
2. Umefanya kazi miezi minane mfululizo bila kuchukua likizo. Una haki ya siku ngapi?
3. Tunga fumbo lako lenye mada "Usalama Kazini". Anza na neno KOFIA likienda kulia, kisha tafuta maneno mawili yanayoshuka chini kupitia herufi zake.

MAJIBU

Zoezi la 1: 7,500, 15,000, jumla 22,500. Zoezi la 2: siku 14. Zoezi la 3: kila mtu na lake, lisomeni tawini.

Fumbo:

S A R U J I ■
H ■ ■ ■ U ■ ■
A ■ ■ ■ M ■ ■
B ■ M ■ L ■ ■
A J I R A ■ ■
■ ■ Z ■ ■ ■ P
■ K A H A W A
■ ■ N ■ K ■ T
■ L I K I Z O
■ ■ ■ ■ B ■ ■
P A M B A ■ ■